Mteja msumbufu: umvumilie, mkae upya, uweke mtu kati, au muachane?

Saa nne na dakika ishirini usiku ikaingia meseji: "Kaka, nimekaa na waifu, tumeona turudi kwenye ile ya kwanza."

Ile ya kwanza ilikuwa nembo ya mgahawa wake wa Sinza, niliyomtumia wiki tano nyuma. Kati yake na meseji hii kulikuwa na matoleo mengine kumi na sita. Mengine yana sufuria, mengine yana moto, na moja lina twiga aliyevaa kofia ya mpishi, wazo ambalo naapa halikuwa langu. Tulipatana 250,000. Alikuwa amenipa nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado iko kwake, na faili zilikuwa bado ziko kwangu.

Ukijitegemea hapa Dar, uwe unabuni matangazo, unapiga picha za harusi, unatengeneza tovuti au unatafsiri, huyu mteja utakutana naye. Na kijiweni utapewa ushauri wa aina mbili tu: "vumilia, mteja ni mfalme", au "achana naye, hela zipo tele mjini". Wanaosema hivyo hawajauliza umeshalipwa kiasi gani, wala huyo mteja umeletewa na nani. Ukiuliza hayo, njia zinakuwa nne, na kila moja ina mtu wake.

Kabla ya kuchagua: anasumbua nini hasa?

Kuna mteja asiyejua anachotaka, na huyu ndiye mwingi. Kuna anayejua anachotaka ila hataki kulipa. Kuna anayelipa vizuri lakini mdomo wake haufai. Ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwingine unaharibu.

Halafu kuna ambaye hasumbui kabisa, sisi ndio hatujui taratibu zake. Kampuni ikikuahidi 1,000,000 na benki ikasoma 950,000, usianze kugomba. Malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na anayekulipa ndiye anayeipeleka TRA. Unachotakiwa kumdai ni cheti cha hiyo kodi iliyozuiwa, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako. Ofisi kubwa nazo zinachelewa kwa sababu zao: hujapeleka ankara, hukuwa na LPO (karatasi yao ya kuagiza kazi), wanataka risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), au aliyekupa kazi hajawaambia watu wa fedha kwamba kazi imeisha. Huyo kijana wa masoko unayemwita tapeli hana hata uwezo wa kusaini hundi.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza na kikubwa ni nani ameshika nini. Ukiwa na faili na yeye ana hela, mnaongea. Ukishampa faili zote na hela bado iko kwake, unaomba. Cha pili ni hesabu ya saa. Ile nembo niliipangia saa 10, yaani 25,000 kwa saa. Usiku ule nilikuwa nimeshatumia kama 40, kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi kwa 6,250, bando na umeme bado sijatoa. Cha tatu ni alikotokea, maana kazi nyingi za mji huu zinakuja kwa "kuna kijana wangu mmoja anafanya hizo vitu", na ukigombana na mteja mmoja umegusa mnyororo mzima. Cha nne ni kilichoandikwa.

Hapa kwenye maandishi nisimame kidogo, kwa sababu watu wanajikatia tamaa bure: "sina mkataba". Unao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata mapatano ya mdomo, ilimradi watu wamekubaliana kwa hiari na jambo lenyewe ni halali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Kwa hiyo "sawa kaka endelea" ya WhatsApp ikifuatiwa na meseji ya M-Pesa ya 125,000 ni kitu cha kusimamia. Kinachotuponza ni simu na jumbe za sauti za dakika nne. Dawa yake ni ndogo: ukimaliza kumsikiliza, mwandikie mistari miwili, "Nimekusikia bosi: rangi iwe kijani, jina liwe kubwa, twiga atoke. Naanza." Akijibu kwa dole gumba, mmeandikiana.

Njia ya 1: Kumvumilia mpaka kazi iishe

*Pesa.* Inafaa pale ambapo kiasi kilichobaki ni kikubwa kuliko kazi iliyobaki. Ukidai 600,000 na kazi imebaki siku mbili, meza matusi yako, fanya kazi.

*Muda.* Lazima mwisho uwe unaonekana. Mwezi Juni nimewahi kuwa na mteja wa mabango ya banda lake la Sabasaba ambaye alikuwa anapiga simu kabla ya swala ya alfajiri. Alikuwa mkali kwelikweli. Lakini maonyesho yanaanza mwishoni mwa Juni hata mbingu zishuke, na yeye alijua hivyo, kwa hiyo kelele zake zilikuwa na tarehe ya kufa. Siku banda lilipofunguliwa alinitumia hela iliyobaki na picha yake amesimama mbele ya bango, anacheka. Mtu mwingine kabisa.

*Jina.* Unabaki na jina zuri, lakini la aina fulani. Atakusifu kwa rafiki zake kwamba "huyu dogo hana shida, unamwambia chochote anafanya", na wateja watatu watakaofuata watakuja wakitegemea hichohicho.

*Inamfaa* anayeanza na anahitaji kazi za kuonyesha, na yeyote ambaye mteja wake anasumbua kwa mdomo lakini analipa kwa wakati. *Haimfai* mwenye kazi isiyo na tarehe ya mwisho. Nembo, tovuti na "kusimamia kurasa zetu" ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna Sabasaba ya kuja kukuokoa.

Njia ya 2: Kukaa naye na kupatana upya

*Pesa.* Ndiyo njia pekee inayoweza kuongeza hela badala ya kuokoa iliyopo. Pia ndiyo tunayoiogopa, kwa sababu tunadhani ni kugombana. Siyo, ukiiandika vizuri. Hii ndiyo niliyomtumia bwana wa mgahawa asubuhi yake, baada ya chai, maana usiku ule ningeandika mengine:

"Habari za asubuhi kaka, salamu kwa shemeji. Tulipatana nembo moja, marekebisho matatu, 250,000. Mpaka jana tumefika toleo la 17, na sikusema kitu kwa sababu nataka utoke na kitu unachokipenda. Mkiamua ile ya kwanza, naimalizia leo, na faili zote nakutumia ukimalizia 125,000. Mkitaka tuendelee kutafuta, haina shida, kila raundi itakuwa 30,000 na inatangulia. Nakusikiliza."

Angalia kilichomo. Kuna namba, kuna milango miwili, na yote miwili mimi naweza kuishi nayo. Hakuna "umenisumbua sana". Ukimwambia mtu mzima kwamba ni msumbufu, atakujibu kuhusu usumbufu, na hela mtakuwa mmeisahau.

*Muda.* Inakula siku moja au mbili, basi. Ila jambo kubwa likiwa ni la ana kwa ana, chagua mahali. Usiende kumpangia masharti ofisini kwake mbele ya vijana wake, hapo hawezi kulegea hata akitaka. Mwite mnywe chai sehemu nyingine. Nimeona watu wakorofi kwenye simu wakawa waungwana wakiwa na kikombe mkononi.

*Jina.* Kwa kawaida linapanda. Mteja akijua bei ya raundi, ghafla anajua anachotaka.

*Kilichoandikwa.* Hapa ndipo unapoziba matundu uliyoacha mwanzoni. Nani ana sauti ya mwisho? Kama hujawahi kutengeneza kadi za kamati ya harusi hujajua umuhimu wa swali hili. Nilishaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, watu thelathini na kitu. Mwenyekiti anataka dhahabu, mhazini anataka nafuu, shangazi wa bwana harusi anataka picha ya marehemu babu iwekwe kwenye kona, na bibi harusi mwenyewe ananiandikia pembeni kwamba nisimsikilize mtu. Nilijitoa kwenye kundi kwa heshima, nikamwomba katibu awe ananiletea mimi maamuzi yaliyokwisha kukubaliwa. Kazi ikaisha kwa siku tatu. Babu aliwekwa. Vilevile andika kwamba sampuli zitakwenda zikiwa na neno SAMPULI limekatiza katikati na ubora mdogo, faili kamili baada ya malipo, na kwamba mteja akikaa siku saba bila kujibu, toleo lililopo limekubaliwa.

*Inamfaa* mwenye mteja asiyejua anachotaka, na mwenye mteja wa mwezi hadi mwezi anayependa kuongeza "kakitu kadogo" kila wiki. *Haimfai* ambaye ameshakabidhi kila kitu. Huna cha kuweka mezani, na masharti yako yatakuwa hadithi.

Njia ya 3: Kuweka mtu kati

Mtu wa kati wa kwanza ni yule aliyewakutanisha. Hii haimo sana kwenye video za ushauri za watu wa nje, lakini mjini kwetu inafanya kazi kuliko barua ya wakili, kwa sababu mteja anaweza kukuzungusha wewe mwaka mzima lakini hataki kuonekana mbabaishaji mbele ya mtu waliyesoma naye au wanaosali pamoja.

*Pesa.* Inafaa zaidi pale ambapo kazi imeshakabidhiwa na hela haiji. Tarajia kuombwa upunguze kidogo "ili yaishe". Amua kiwango chako kabla hujapiga simu, siyo wakati unaombwa.

*Muda.* Wiki moja hadi mwezi. Usimsukume mtu wa kati kila siku, halipwi.

*Jina.* Hapa pana hatari. Ukienda kulalamika, umemwambia kwamba alikuletea mtu mbaya, na unaweza kupoteza wawili. Nenda na namba peke yake: "Mzee shikamoo. Ile kazi ya ndugu yetu niliimaliza tarehe 3, imebaki 400,000, nimempigia mara nne hapatikani. Nakuomba unisaidie tu tuonane." Usimtumie skrinshoti za matusi. Zikishatoka hazirudi, na jioni zitakuwa zimefika kwa mteja mwenyewe.

*Kilichoandikwa.* Kwa huyu wa kwanza hakihitajiki sana. Kinahitajika akishindwa yeye, ukalazimika kwenda kwa mtu wa kati wa pili, yaani sheria. Mpelekee mteja barua ya madai yenye kiasi, tarehe na muda wa kulipa. Akiuchuna, madai ya kawaida ya mkataba yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Madai ya mkataba yana miaka 6 kabla hayajapitwa na muda, kwa hiyo hulazimiki kukimbia wiki hii. Polisi usiende kwa deni tupu. Deni ni shauri la madai, siyo jinai, na kituo si ofisi ya kukusanya madeni. Na kwa 80,000, niseme ukweli, mahakama itakula siku za kazi zenye thamani kuliko hiyo hela.

*Inamfaa* anayedai na kazi imeshatoka mikononi mwake. *Haimfai* mwenye mteja msumbufu wa maneno tu. Kumwita mzee wa watu aje kuamua rangi ya nembo ni aibu kwako.

Njia ya 4: Kuachana naye

*Pesa.* Utapoteza kitu, kubali mapema. Swali ni kama utapoteza kidogo leo au kingi mwezi ujao. Kama amelipa kianzio na hujaanza, rudisha yote. Kama umefanya sehemu iliyolingana na alicholipa, mkabidhi hiyo sehemu, ikiwa safi, na mwachie. Kama umefanya zaidi ya alicholipa, mimi huwa nasamehe tofauti, kwa sababu kuidai kunanirudisha kwenye simu zilezile ninazozikimbia.

*Muda.* Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ilimradi usiieleze sana. Mistari mitatu inatosha: nilichofanya ni hiki, nilichopokea ni hiki, naishia hapa na nakutakia kila la heri. Ukiandika ukurasa mzima amepata pa kujibishana.

*Jina.* Linategemea ulivyoondoka. Kurudisha hela kunaongelewa. Nina mteja hadi leo aliyeletwa na mtu niliyemrudishia kianzio chake cha 100,000. Alimwambia, "hatukuelewana, lakini si mwizi". Kinachoharibu ni kumwanika mtandaoni. Najua raha yake. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni, na kuna kesi za kuchafuana majina pia. Unaweza kuanza ukiwa unadai 200,000 ukamaliza ukiwa mshtakiwa. Hata bila kesi, wateja wengine wanaona, na kila mmoja anajiuliza lini itakuwa zamu yake.

*Kilichoandikwa.* Ile meseji ya mwisho, na uthibitisho wa hela uliyorudisha. Usifute mazungumzo.

*Inamfaa* ambaye hesabu yake ya saa imeshakufa, au mwenye mteja aliyekataa kupatana upya kwa dharau. Na kuna mahali ambapo hesabu haihitajiki kabisa: mteja anayekutukana, au anayekutishia. Wadada wa kazi hizi wanamjua pia yule anayetaka kikao cha nembo saa tatu usiku, hotelini, na mdada aje peke yake. Hapo rudisha kianzio ukiwa ndani ya bajaji. *Haimfai* mwenye hasira za leo. Lala kwanza.

Uko wapi wewe?

Kama kazi imebaki chini ya wiki na hela nyingi iko kwake, vumilia, lakini andika kila kitu, na usichukue kazi ya pili kabla hujaweka masharti.

Kama kazi haina mwisho na faili bado ziko kwako, kaeni upya wiki hii. Kila toleo unalotuma bila kupatana linakuondolea nguvu.

Kama ni kampuni na imechelewa, uliza kwanza ankara yako iko kwenye meza ya nani. Mara nyingi utakuta hakuna ugomvi, kuna karatasi moja tu imepungua.

Kama umeshakabidhi na simu haipokelewi, usibadilishe namba ili umvizie. Tafuta aliyewakutanisha. Kama hakuna aliyewakutanisha, alikupata Instagram, nenda moja kwa moja kwenye barua ya madai, halafu pima kiasi kabla ya kwenda mahakamani.

Kama ni ndugu au jirani, hapo vigezo vyangu vinapungua nguvu, kwa sababu huwezi kuachana na shemeji yako. Mimi kwa ndugu nina bei mbili tu: bei kamili, au bure kabisa kama mchango. Ile ya katikati, "nifanyie kindugu", ndiyo iliyonigombanisha na watu.

Yule bwana wa mgahawa alinijibu saa saba mchana, akiwa na waifu nadhani, kwamba wachukue ile ya kwanza. Ijumaa akamalizia 125,000. Wiki iliyofuata akarudi anataka menyu, kurasa nne, na picha za vyakula. Nikamtumia bei, na chini yake mstari mmoja: marekebisho mawili, la tatu 30,000. Akajibu, "Twiga je?"